Barua ya wazi kwa viongozi wa kijiji: kabla hamjamfukuza yule mgeni wa duka la pipi

Shikamooni wazee wetu, na nyie viongozi wote wa kijiji, wenyeviti, wajumbe wa kamati, mashehe, mapadri na wachungaji, naanza na salamu kwasababu ninachoenda kusema kinagusa heshima na sitaki mtu asome katikati aseme huyu katutukana. Sijaja kutukana. Nimekulia mikononi mwa watu kama nyie, nikakosea nikachapwa na nikaumwa nikabebwa usiku kupelekwa hospitali na watu ambao hata sio ndugu zangu, kwahiyo najua kijiji ni nini na najua kwanini mnakilinda.

Naandika barua moja kwa wengi maana stori ni ile ile popote unapokwenda. Anakuja mtu, hana ndugu pale, hana ukoo, hakuna anayemjua mama yake wala baba yake. Anapanga fremu iliyokaa tupu muda mrefu, mara nyingi karibu kabisa na nyumba ya ibada kwasababu ndo hapo palikuwa pamebaki, anapaka rangi, anaweka kioo kikubwa, na baada ya wiki moja harufu ya chokoleti na karameli inatoka mpaka barabarani na watoto wanagandisha pua kwenye kioo. Watu wazima wiki ya kwanza wanapita upande wa pili wa njia. Wiki ya pili mmoja anaingia anasema nanunulia mtoto. Wiki ya tatu huyo huyo anaingia bila mtoto, anakaa kwenye kiti kilichowekwa pale ndani, na anachelewa kutoka. Alafu ndo inaanza minong'ono, hivi huyu ni nani, ametoka wapi, mbona hatumuoni ibadani, mwenzake wa ndoa yuko wapi, mbona kafungua wakati watu wanaenda kufunga, na minong'ono inapanda ngazi taratibu mpaka inafika mezani kwenu na mnaambiwa fanyeni kitu.

Ombi langu nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta: msimfukuze, na zaidi ya yote msimfukuze kwa mlango wa nyuma.

Nieleze hapo mlango wa nyuma, maana mnaufahamu vizuri kuliko mimi. Hakuna kikao kilichokaa na hakuna barua iliyoandikwa. Ila leseni yake inalala kwenye droo, kila akija anaambiwa muhusika katoka. Mwenye fremu anaitwa pembeni anaulizwa, hivi mzee una uhakika unampangisha mtu wa aina gani? Muuza maziwa anaambiwa tu kwamba wateja wengine hawafurahi. Kwenye mahubiri anatajwa bila kutajwa, "wapo watu wamekuja kututegea vitamu", na waumini wote wanageuza shingo kuangalia upande wa duka. Miezi minne mitano inapita mgeni anafunga virago na nyie mnasema biashara ilimshinda. Mimi naona hiyo ni mbaya kuliko kumfukuza mchana kweupe, kwasababu ukimfukuza mchana angalau kuna mtu kasimama akasema ni mimi niliyeamua na sababu ni hii, na yeye anaweza kujibu. Mlango wa nyuma hauna jina la mtu. Kila mmoja anaenda kulala akijua hakufanya kitu.

Naliongelea hili kwa uchungu kwasababu na mimi nimewahi kuwa mgeni kwenye kijiji cha watu. Sikuwa na duka, nilikwenda kwa kazi tu, lakini nilikaa karibu miezi miwili nikiingia mahali na maongezi yanakatika ghafla, nikitoka yanaendelea. Hakuna aliyenitukana hata siku moja. Hakuna aliyeniambia nimekosea nini, na nilikuwa nimekosea kweli, nilikuja kugundua baadae kwamba sikwenda kujitambulisha kwa wazee wa pale, nilipita moja kwa moja nikaanza kazi. Alikuja kuniambia bibi mmoja tena kwa dakika tano, nikaenda, nikasamehewa siku hiyo hiyo. Miezi miwili ya baridi ile yote na dawa yake ilikuwa dakika tano za mtu kufungua mdomo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunasema hivyo tukimcheka, lakini ile kamba hajaifunga kuku mwenyewe.

Sasa nije kwenye mimbari, na hapa naomba viongozi wa dini mnivumilie kidogo. Huko Chiapa, Mexico ya leo, mji ambao siku hizi unaitwa San Cristóbal de las Casas, karne ya 17 kulikuwa na kina mama wa mjini waliozoea kuletewa kikombe cha chokoleti ya moto na wasichana wao wa kazi katikati ya misa. Walisema matumbo yao dhaifu, misa ni ndefu, hawawezi kuimaliza bila hicho kikombe. Askofu akawasihi kwanza kwa upole, hawakusikia, akabandika tangazo mlangoni kwamba atakayekula au kunywa kanisani wakati wa ibada anatengwa na kanisa. Ikawa fujo, mpaka siku moja mapadri walipojaribu kuwanyang'anya wale wasichana vikombe panga zikachomolewa mle mle ndani. Mwisho kina mama wakahama kanisa la askofu wakaenda kusali kwenye makanisa ya watawa. Yote haya aliyaandika padri mmoja Mwingereza, Thomas Gage, aliyekuwa anaishi pale, na anasema askofu akaugua akafa, na uvumi wa mji ukawa kwamba alitiliwa sumu kwenye kikombe cha chokoleti. Uvumi ni uvumi. Mimi kinachonikaa kichwani ni lile kanisa lililobaki tupu. Askofu alikuwa na haki kabisa, nani anataka vikombe vinagongana katikati ya misa, lakini alipofika kwenye adhabu kubwa kuliko zote kwa kosa la kikombe, watu wakapima wakaona bora wamuache yeye. Mkipandisha pipi mpaka ifike daraja la dhambi kubwa, nyie wenyewe ndo mtakuwa mmewalazimisha watu wenu kuchagua, na mtu akilazimishwa kuchagua wakati moyo umeshaumia hachagui kwa busara.

Alafu kuna hili la mfungo. Naona ndo linaumiza zaidi, kwamba duka limefunguliwa karibu na Kwaresma au karibu na Ramadhani na watu wanaona ni dharau ya makusudi. Inawezekana ni dharau, sikatai moja kwa moja, ila mara nyingi mtu kapata fremu mwezi huo na kodi inahesabiwa kuanzia siku aliyopewa funguo. Na hata swali lenyewe la vitamu na mfungo sio jipya, limewasumbua watu wenye elimu kubwa kabisa. Chokoleti ilipoingia Ulaya wanazuoni wa Kikatoliki walibishana miaka na miaka kama kikombe cha chokoleti kinavunja mfungo au hakivunji. Mwaka 1636 huko Madrid alitoka mtu na kitabu kizima juu ya swali hilo hilo, na miaka ya 1660 Kadinali Brancaccio wa Roma akaandika kwamba kinywaji hakivunji mfungo, kwahiyo chokoleti ikinywewa kama kinywaji haina shida. Unaweza usikubaliane naye, wengi hawakukubali. Lakini angalieni walivyofanya, walikaa chini wakaliuliza swali, huyu akaleta hoja na yule akaleta yake. Hawakusema tu huyu anayeuza ni mtu mbaya.

Na mfungo wenyewe una uadui gani na utamu? Muislamu anafuturu kwa tende kama alivyofanya Mtume, ladha ya kwanza kugusa ulimi baada ya kutwa nzima ya njaa ni tamu. Uturuki Idi ya baada ya Ramadhani watu wengi wanaiita kabisa Sikukuu ya Sukari. Wakristo wengi duniani wanamaliza Kwaresma na mayai ya chokoleti mikononi mwa watoto. Utamu umepangiwa zamu yake tu, unakuja baada ya subira. Anayefunga kwasababu hakuna kitu chochote cha kumtamanisha kijiji kizima, na anayepita mbele ya kile kioo jioni na njaa yake akaendelea na safari, mi naamini huyu wa pili funga yake haijapungua kitu. Sasa nyie mnataka kumuondolea kioo kana kwamba hamumuamini. Watu wazima wanajua wakitendewa kama hawaaminiki, na inawauma hata kama hawasemi.

Basi niseme sehemu ambayo nakubaliana na nyie, tena nakubaliana sana, maana nisipoisema nitakuwa namtetea mgeni kwa uongo.

Sukari sio mchezo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba ile sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku kutoka kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6 hivi vya chai. Kutwa nzima. Mtoto anayepita dukani asubuhi na anayepita tena mchana kazimaliza kabla ya chai ya jioni. Meno ndo yanaanza kwenda, wadudu wadogo waliopo mdomoni wanakula ile sukari wanatoa tindikali inayotoboa jino, na kinachoharibu zaidi ni ile kula kula mara nyingi, kidogo kidogo, kutwa. Kuna wazee wana kisukari na wanapenda vitamu na wanajua kujificha. Kwahiyo mzazi anayekuja kwenu na wasiwasi huo msimuone mbea, ana hoja.

Ila hoja hiyo ikishawekwa mezani lazima iwe ya haki kwa wote. Soda moja ya kola ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, inazidi hivyo vijiko 6 kabla hujagusa kitu kingine. Na soda ziko kwenye maduka ya wenyeji miaka yote, hakuna kikao kilichoitishwa. Biskuti ziko. Pipi za kawaida ziko kwenye makopo kaunta za kila duka na mara nyingine ndo zinarudishwa badala ya chenji. Mkisema tatizo letu ni sukari basi karatasi ya masharti iende maduka yote, la mjumbe wa kamati liwemo na la shemeji yake mwenyekiti liwemo. Ikienda kwa mgeni peke yake, hata mtoto wa darasa la pili ataelewa kwamba shida haikuwa sukari.

Na kuna njia ambayo watu wengine waliipitia tayari. Sweden miaka ya 1940 walifanya utafiti wa meno kwenye hospitali ya Vipeholm, mji wa Lund, kwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili. Waliwapa karameli za kunata kwa makusudi ili waone meno yatakavyooza, na yakaoza. Mimi huwa nikifika hapo nasimama kwanza, kwasababu wale watu hawakuombwa ruhusa na wasingeweza hata kuitoa, walitumiwa tu kwa kuwa walikuwa chini ya mamlaka ya wengine, na Sweden yenyewe inalitazama jambo lile kama doa. Ila kilichojulikana pale hakikuachwa kipotee. Ilionekana vitamu vya kunata vikiliwa kati ya mlo na mlo ndo vinaharibu meno zaidi, kuliko vikiliwa kwa pamoja mara moja. Baada ya hapo wazazi wakashauriwa wawape watoto pipi siku moja tu ya wiki, na ikawa Jumamosi, mpaka leo watoto wa kule wanaisubiri Jumamosi yao ya pipi kwa hamu. Duka halikufungwa. Kikawekwa kitu kinaitwa siku. Kijiji chenye wazee wenye sauti kinashindwaje kufanya hivyo? Nyie mnaweza kusema watoto wa shule wasiuziwe siku za masomo bila mzazi, na mkalisimamia kwa mdomo tu bila askari wala faini, kwasababu watu wanawasikiliza. Hiyo ndo nguvu yenu ya kweli na sioni ikitumika, naona inatumika kwenye kukalia leseni.

Sasa niseme kile ambacho nadhani ndo kiini chenyewe, na mniwie radhi kama nitakosea. Nadhani hamuogopi pipi. Nadhani mnaogopa kile kiti.

Maana ukiangalia vizuri, malalamiko yalikuwa madogo duka lilipokuwa la kununua na kuondoka. Yamekua pale watu walipoanza kukaa. Mama ambaye hajawahi kuonekana anaongea kwa kirefu na mtu yeyote sasa anakaa saa nzima. Wawili waliokosana kwa ajili ya mpaka wa shamba wamekutana pale wakaulizana hali za watoto. Kijana amekaa pembeni anasikiliza watu wazima. Na wakikaa wanaongea, wakiongea yanatoka mambo ambayo zamani yalikuwa yanakuja kwenu tu au hayaendi popote. Yanatoka mpaka ya ndani ya ndoa, na ya hela za mchango zilizokusanywa zikayeyuka.

Hii hofu ni ya zamani sana. Makka mwaka 1511, msimamizi wa mji, Khair Beg, aliwakuta watu usiku wamekaa karibu na msikiti wanakunywa kahawa, akashtuka, akaita wanazuoni, akaita na matabibu waseme kahawa inadhuru, ikapigwa marufuku, ikachomwa moto hadharani. Cairo, kwa sultani aliyekuwa anaitawala Makka, hawakukubali marufuku ile nzima nzima na kahawa ikarudi. London, tarehe 29 Disemba 1675, Mfalme Charles wa Pili akatangaza nyumba zote za kahawa zifungwe kuanzia tarehe 10 Januari, na yeye angalau aliandika sababu waziwazi, kwamba watu wanakaa mle wanasambaza maneno ya kuichafua serikali. Watu wakapiga kelele mpaka tangazo likaondolewa kabla hata hiyo tarehe 10 haijafika. Leo hakuna anayeweza kuniambia kahawa ndo iliyokuwa ishu. Ishu ilikuwa watu kukaa pamoja mahali ambapo mkubwa hayupo.

Mimi naelewa kwanini inatisha. Kijiji kimejengwa kwa maneno kupita njia fulani, mtoto kwa mzazi, mzazi kwa mzee, mzee kwa kamati, na njia hiyo imetatua mengi, imezuia damu kumwagika mara nyingi tu. Ukiona maneno yanapita njia nyingine unahisi nyumba inabomoka. Lakini wazee wangu, yule mama aliyekaa saa nzima dukani, yale aliyoyasema hayakuzaliwa dukani. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo wakati anawapikia kwenye misiba, alikuwa nayo wakati mnampita njiani mkamuuliza habari za nyumbani akasema nzuri. Mgeni hakumpa kingine zaidi ya pipi moja na mtu wa kumsikiliza asiyekuwa shemeji wa mume wake. Mkiondoa kiti, hayo maneno hayarudi kwenu, yanarudi kifuani mwake. Huu ndo mstari ambao ningependa kiongozi mmoja aubebe aende nao nyumbani hata kama mengine yote atayatupa. Jiulizeni kwanini hakuja kwenu, mjiulize bila hasira.

Kuhusu mila naomba niseme kidogo tu. Nasikia inasemwa vitamu hivi sio vyetu, vitaharibu kijiji. Hata neno lenyewe sukari sio letu, lilitoka kwenye lugha ya Kisanskriti huko India likapitia kwa Waarabu ndo likafika midomoni mwetu, na muwa wenyewe asili yake ni mbali zaidi, New Guinea, na leo hakuna mtoto wetu anayedhani sukari ni neno la kigeni. Ila sitaki kulitegemea sana hili, maana sio kila kinachokuja kinastahili kubaki na nyie mna haki ya kupima. Ninachoomba ni mpime kitu chenyewe. Wapo wanaodhani muuza chokoleti lazima awe mtu wa starehe, mtu wa kulegeza watu. Familia ya Cadbury huko Uingereza walikuwa Wakweka, dhehebu la Kikristo, watu wa dini kali kwelikweli, na kilichowaingiza kwenye chai, kahawa na kakao ni pamoja na kutaka watu wapate kinywaji kingine badala ya pombe. Walipohamisha kiwanda nje ya Birmingham mwaka 1879, baadae wakaanza kujenga kijiji kizima pale, Bournville, chenye bustani na nyumba nzuri, hawakuruhusu baa. Wauza chokoleti hao. Kwahiyo msiisome tabia ya mtu kwenye bidhaa yake, mtakosea.

Na mgeni naye ana lake la kujibu, simuachi. Kuingia kijiji cha watu na kufungua mlango bila kwenda kupiga hodi kwa wazee ni kosa, hata kama sheria haisemi hivyo. Kuweka tangazo kubwa la ofa ya vitamu usawa wa mlango wa nyumba ya ibada siku ya kwanza ya mfungo ni kosa, hata kama hakujua. Kuwakopesha watoto na kuandika kwenye daftari ni kosa kubwa zaidi na hapo nitasimama upande wenu kabisa, maana mtoto akishakuwa na deni ataanza kuiba nyumbani. Na yale anayoyasikia kwenye kile kiti akiyabeba kwa mteja mwingine basi anavunja nyumba za watu na anastahili kuambiwa usoni. Haya yote ni ya kumwambia. Neno ndo hilo, kumwambia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema waliotutangulia, na huyu hakusubiri kupewa, alikuja na jembe lake mkononi. Shamba la kulimia ndo anawaomba nyie.

Kwahiyo naomba hivi. Leseni kama iko kwenye droo itoeni, kama kuna kinachokosekana mwandikieni kinachokosekana na tarehe. Mwenye fremu aachwe apumue. Mahubiri yaseme kuhusu kiasi na subira bila waumini kugeuza shingo. Masharti ya watoto na ya saa za mfungo yaandikwe kwa maduka yote, ukurasa mmoja unatosha, na kabla hayajabandikwa aonyeshwe na yeye kama wanavyoonyeshwa wengine, aulize maswali yake, maana anaweza kuwa na wazo zuri kuliko letu, watu wa biashara hiyo wanajua vitu vingi kuhusu watoto na vitamu ambavyo sisi hatuvijui. Na zile hela za mchango zinazoongelewa pale dukani, someni mahesabu yake mbele ya mkutano, mtashangaa maongezi ya dukani yatakavyobadilika wiki hiyo hiyo.

Na la mwisho linahitaji miguu tu. Chagueni siku moja ya kawaida, sio siku ya kikao, mwende wawili watatu, asiende mmoja peke yake maana yatasemwa mengine. Mkifika pigeni hodi japo ni duka. Kaeni kwenye kile kiti. Wenye kisukari waagize chai isiyo na kitu, hakuna shida. Na muanze kwa kumuuliza anaitwa nani, kwasababu nimeona karatasi ya malalamiko dhidi ya mtu wa namna hii, imesainiwa na watu wengi, ukurasa mzima umejaa, na kila mahali palipotakiwa jina lake pameandikwa "yule wa pipi".